Tando za Kufungia Chakula Kutokana na Maganda na Makapi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Maswali haya yametoka vinywani mwa watu: wauza kachri (vipande vyembamba vya muhogo wa kukaanga) wa bustani ya Mama Ngina, akina mama wa soko la Kongowea, wanafunzi, wapishi wa hoteli, na mzee wetu muuza halua wa Mji wa Kale ambaye hatuachi mpaka aridhike. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale ya pembeni. Jambo lililokwisha kuelezwa tumelitajia nambari ya swali lake.

## Mwanzo

1. Utando huu ni nini hasa? Si ni plastiki tu ya aina nyingine?

Ni karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, iliyotengenezwa kwa kitu kilichotoka shambani: wanga wa muhogo, pektini ya maganda ya matunda (ile inayoigandisha jemu), au selulosi (nyuzi za mimea) ya nazi na miwa. Ukiushika kwa haraka unafanana na plastiki, ndipo watu wengi wanapobabaika.

Tofauti iko ndani. Mfuko wa kawaida wa plastiki ni polithini, inayotokana na mafuta ya petroli au gesi, na vijidudu vya udongoni havina cha kuikatia minyororo yake kwa wakati wa maana. Wanga ni mnyororo wa sukari. Hata mate yako yana kimeng'enya cha kuukata, ndiyo maana ukitafuna muhogo uliopikwa kwa muda unaanza kuhisi utamu. Kinachoweza kuukata kinywani kiko pia udongoni.

2. Taka gani za hapa kwetu zinafaa?

Taka tunazo tele, lakini zinazofaa kuwa utando ni chache. Nambari moja kwetu ni maji ya kuloweka kachri. Vipande vya muhogo vikishalowekwa, yale maji huwa meupe kama tui. Yaache yatulie saa chache, utaona tope jeupe chini ya ndoo. Tope hilo ni wanga karibu mtupu, na kila siku humwagwa mtaroni. Maganda ya muhogo nayo yana wanga, ila kuutoa kunataka kusaga, kuchuja na kuosha zaidi, na yana jambo la sumu (swali la 14).

Maganda ya machungwa na maembe yana pektini. Msimu wa maembe, aina za ngowe na apple zikishuka kutoka Kilifi na Malindi, juisi moja ya hotelini huacha karai zima la maganda na kokwa. Maji ya nazi zilizokomaa, yanayomwagwa na wakunaji, yana kazi yake maalumu (swali la 9).

Machicha ya nazi tuliyajaribu sana, kwa sababu hakuna nyumba ya Pwani isiyokuwa nayo. Ukweli ni kwamba yanabaki na mafuta, na mafuta hayo huchacha. Utando unatoka na harufu baada ya siku chache. Wapeni kuku. Makumbi, makapi ya miwa na mabaki ya mkonge wa Vipingo yana nyuzi ngumu, tumeyaeleza katika swali la 10.

3. Je, hatutakuwa tunachukua chakula cha watu, au cha mbuzi?

Swali hili tunaliheshimu. Kilifi na Kwale zinajua ukame, na muhogo ndio unaookoa nyumba nyingi mahindi yakikauka. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni moja: hatununui muhogo wala unga wake kutengenezea utando. Tunachukua kinachomwagwa. Sheria ya pili ni kuuliza kwanza takataka hiyo inakwenda wapi. Kama maganda yalikuwa yakilisha mbuzi wa jirani, mbuzi ana haki kuliko karatasi. Maji ya kachri hayana mwenyewe, ndiyo maana tunayapenda.

4. "Unaoza" maana yake nini? Kwa muda gani?

Kuoza kwa kweli ni vijidudu kuula utando mpaka ukabaki hewa ya kaboni, maji, na miili ya vijidudu wenyewe. Kuchanika vipande vidogo visivyoonekana si kuoza, ni kujificha.

Utando mwembamba wa wanga mtupu, ukifukiwa kwenye udongo wenye unyevu na joto la Mombasa, hupotea kwa wiki chache. Ukipakwa nta, huchelewa. Ukibaki mkavu kabatini hauozi, kama vile mchele hauozi ndani ya gunia kavu.

Viwandani kuna kipimo rasmi. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kitu igeuke kuwa hewa ya kaboni ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 za mboji kisibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chekecheo la milimita 2. Mtu akikwambia bidhaa yake inaoza, muulize: wapi, kwa joto gani, kwa siku ngapi? Neno "inaoza" bila majibu hayo matatu halina uzito.

## Kuutengeneza

5. Nitautengenezaje nyumbani kwa mara ya kwanza?

Chukua tope jeupe la swali la 2. Mwaga maji ya juu, tia maji safi, koroga, acha litulie tena. Rudia mara tatu au zaidi, mpaka maji ya juu yawe maangavu na yasinuke. Anika wanga huo ukauke, uponde uwe unga.

Pima kwa mizani, si kwa kijiko: wanga gramu 5, maji mililita 100, gliserini gramu moja na nusu (swali la 6). Koroga vyote vikiwa baridi, ndipo uweke kwenye moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Wanga wa muhogo huanza kuvimba joto likifika nyuzi 60 hadi 70. Utaona maji meupe yanageuka uji mzito unaong'aa. Fikisha nyuzi 80, ushikilie hapo kama dakika 15, kisha epua na uache viputo viinuke juu na kutoka. Ukiwa na haraka hapa, kila kiputo kitakuwa tundu.

Mimina juu ya kioo au sinia tambarare lenye ukubwa wa karatasi ya A4. Sinia lisipokuwa sawa, upande mmoja utakuwa mnene na mwingine utachanika. Kausha kivulini penye upepo, au kwenye kikaushio cha nyuzi 40 hadi 50. Ubandue ungali laini kidogo. Ukiusubiri ukakauka kabisa utashika kioo.

6. Gliserini ni ya nini? Naweza kuiacha?

Ukiiacha utapata kitu kama kioo cha saa, kinavunjika ukikikunja. Gliserini hujipenyeza katikati ya minyororo ya wanga na kuiachia nafasi ya kuteleza. Maelekezo mengi husema asilimia 40 ya uzito wa wanga. Sisi tumeteremka hadi 25 au 30, kwa sababu gliserini huvuta maji ya hewani, na hewa ya Mombasa haina ubahili wa maji.

7. Mbona utando wangu umepasuka? Mbona unanata? Mbona umeota ukungu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Ukipasuka siku ileile, gliserini ilikuwa chache au ulikaushwa kwa jua kali. Ukiwa mzuri leo ukapasuka baada ya wiki mbili, sababu ni nyingine, na kila mpishi anaijua bila kujua kwamba anaijua. Ugali wa moto ni laini, ugali wa kiporo ni mgumu. Minyororo ya wanga iliyotawanywa na joto hujipanga upya taratibu na kukazana, ikisukuma maji nje. Utando nao hufanya vivyo hivyo. Muhogo una nafuu kidogo kuliko mahindi hapa, kwa sababu wanga wake una amilosi (minyororo ya wanga iliyonyooka) chache zaidi, na amilosi ndizo zinazokimbilia kukazana. Kuchanganya pektini kidogo au nyuzi laini za selulosi husaidia. Hakuna kinachozuia kabisa, kwa hiyo usitengeneze tando za mwaka mzima na kuziweka ghalani.

Ukinata, angalia kalenda kabla ya kuangalia vipimo. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hadi Machi, kazi inakwenda yenyewe. Masika ya Aprili na Mei, sinia hukaa siku mbili na bado juu ni mbichi, na ndipo ukungu unapoingia. Tulipoteza kundi zima la sinia Mei moja kwa sababu tulishikilia kukausha barazani kama tulivyozoea Januari. Msimu huo punguza gliserini, tumia kikaushio, na usibandike tando mbichi moja juu ya nyingine. Matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye uji huchelewesha ukungu, kwa sababu yana eujenoli inayoua vijidudu. Lakini harufu yake ni kubwa. Kwa kashata inapendeza, kwa mkate wa kawaida wateja wetu wameikataa.

8. Maganda ya machungwa na maembe yanashughulikiwaje?

Pektini imefungwa ndani ya ganda, na huachia kwa asidi na moto. Maganda huchemshwa kidogo kwanza ili vimeng'enya vyake vife, hukaushwa, kisha huwekwa kwenye maji yenye asidi ya limau, ukali wa pH 2 hivi, joto la nyuzi 80 hadi 90, kama saa moja. Chuja kwa kitambaa. Ukimimina pombe kali ya maabara, ethanoli, kwenye maji hayo, pektini huganda kama utando wa maziwa, ukaiokota. Ethanoli hushika moto upesi mno. Usiifanyie kazi karibu na jiko la mkaa wala la gesi.

Kuna njia fupi isiyo na ethanoli: saga maembe yaliyoiva kupita kiasi, yale yasiyouzika, pamoja na maganda yaliyooshwa vizuri, chuja, pika kidogo, mimina kwenye sinia, kausha. Hutoka utando wa rangi ya dhahabu, una ladha, na waweza kuliwa pamoja na kilichomo ndani. Hauna nguvu kama wa wanga, ila kwa kufungia kashata sijaona mzuri kuushinda.

9. Tumesikia kuhusu maji ya nazi. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo kazi ninayoiamini kuliko zote kwa Pwani yetu.

Ufilipino wana chakula kitamu kiitwacho nata de coco. Wanachukua maji ya nazi kavu, wanatia sukari na siki kidogo, wanaongeza mbegu hai ya bakteria wa jamii ya wale wa siki, wanafunika kwa kitambaa na kuacha bila kutikisa. Bakteria hao hula sukari na kufuma selulosi, uzi baada ya uzi, mpaka juu ya chombo kunakuwa na blanketi jeupe. Huchukua siku 8 hadi 14. Joto wanalolipenda ni nyuzi 28 hadi 30, yaani joto la chumba chochote cha Mombasa. Mahali pengine watu hulipia umeme kupata joto hilo.

Blanketi hilo ni maji kwa zaidi ya asilimia 95. Ukiliosha, ukalichemsha kuua bakteria, ukalikamua na kulikausha likiwa limetandazwa, linabaki karatasi nyembamba, ngumu kuchanika, ya selulosi safi isiyo na lignini (gundi ngumu ya miti). Halihitaji kemikali kali hata moja. Likilowa haligeuki uji kama wanga. Ugumu wake ni subira na usafi: nzi mmoja, au mtoto akitikisa beseni, blanketi linaharibika. Mbegu hai ichukuliwe maabara yenye kuaminika, kisha uendelee kuikuza mwenyewe.

10. Makumbi na makapi ya miwa je? Mitaa imejaa makumbi ya madafu.

Makumbi yana lignini nyingi, karibu asilimia 40, ndiyo maana yanatengeneza kamba na mikeka ya miguu isiyooza upesi. Kutoa selulosi humo kunahitaji kupika kwa magadi makali ya viwandani na kupausha, na maji machafu yake hayafai kumwagwa popote. Usilifanye hili uani kwako, hasa kama uko ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Makapi ya miwa ni mapole zaidi, lakini yanafaa zaidi sahani za kukandamizwa kuliko tando. Yakisagwa laini sana, kiasi kidogo kinaweza kuchanganywa katika uji wa wanga kuongeza nguvu.

## Chakula gani kifungwe

11. Naweza kufungia kachri? Samaki? Viazi karai?

Tunawaomba watu waanze na chakula, ndipo waje kwenye utando. Jiulize kitakaa muda gani mpaka kiliwe, na adui wake ni nani: maji, hewa, mafuta au vijidudu. Utando wa wanga ukiwa mkavu huzuia mafuta vizuri na huzuia hewa ya oksijeni vizuri. Mvuke wa maji haujui kuuzuia.

Kwa hiyo linatokea jambo la kusikitisha kidogo: wanga wa kachri hauwezi kuitunza kachri. Kachri inataka ukavu, na utando huu unapitisha unyevu, kwa hiyo ikilala hadi kesho italegea. Ya kuuzwa na kuliwa jioni ileile hapo Mama Ngina, sawa kabisa, na haitoi mafuta mkononi kama gazeti, wala haiachi wino kwenye chakula.

Halua, kashata, tende, visheti, na korosho zitakazoliwa ndani ya siku chache, hapa ndipo utando unapong'aa. Mzee wetu wa halua alikaa na kipande wiki nzima kabla hajatoa hukumu: mafuta hayakupita.

Mchicha, mkate na matunda mazima nayo yanafaa, kwa sababu iliyo kinyume. Ndani ya plastiki mchicha hutoka jasho na kuoza. Ndani ya utando mvuke unapata njia. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, na hapa aliyepata nafuu ni mchicha.

Samaki mbichi, nyama, na chochote chenye mchuzi: hapana. Utando utalegea kabla mteja hajafika kivuko cha Likoni. Viazi karai vya moto kutoka mafutani navyo hutoa mvuke, subiri dakika chache vipoe ndipo ufunge.

12. Basi siwezi kuufanya usipitishe maji?

Unaweza kupunguza, huwezi kumaliza. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kupakwa juu, tabaka jembamba, hupunguza sana mvuke kupita. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo vitu vya moto haivistahimili. Asidi ya limau ikitiwa kwenye uji na utando ukapashwa moto baadaye hufunga minyororo ya wanga pamoja, ikawa haivimbi sana. Pektini nayo ikichovywa kwenye maji yenye kalisi hukaza. Kila unaloongeza linachelewesha kuoza, basi ongeza kwa kiasi cha haja ya chakula tu.

13. Unalinganaje na plastiki kwa uzito na nguvu?

Plastiki inashinda, na tusidanganyane. Karatasi moja ya A4 ya vipimo vya swali la 5 ina uzito wa gramu 7 hivi. Polithini ya ukubwa huohuo, unene wa maikroni 30, haifiki gramu 2. Kubeba viazi kilo tano kwa utando wa wanga ni kuharibu utando na viazi. Kwa kubeba, kikapu cha ukili kipo na kilikuwapo kabla yetu sote. Utando ni wa kufunga, si wa kubeba.

## Usalama, afya na dini

14. Muhogo una sumu. Utando wake ni salama?

Muhogo, hasa mchungu, una linamarini, ambayo mmea ukiumizwa hutoa sianidi. Maganda yana zaidi kuliko nyama yake. Kusaga, kuloweka, kuosha mara nyingi na kukausha huitoa, kwa sababu sianidi huyeyuka majini na kuruka hewani. Wanga uliooshwa vizuri hubaki na kidogo sana. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo wa kuliwa ni miligramu 10 kwa kilo, na sisi tunaona utando ufuate hichohicho. Ukitumia maganda, usiuze mpaka maabara ipime. Wala usikaushie maganda mabichi ndani ya chumba kilichofungwa.

15. Je, ni halali?

Wanga, pektini na selulosi havitoki kwa mnyama, havina utata. Uangalie vitu viwili. Gliserini yaweza kutoka mafuta ya mawese au nazi, na yaweza kutoka mafuta ya wanyama. Kwenye chupa zote mbili zimeandikwa "gliserini" tu. Mdai muuzaji maandishi ya asili yake. Jelatini, ambayo baadhi ya watu huiongeza kupata nguvu, yaweza kuwa ya nguruwe, ng'ombe au samaki. Sisi hatuitumii kabisa, tukawapumzisha wateja.

Kuhusu ethanoli ya kutolea pektini, huruka karibu yote wakati wa kukausha, lakini kwa hukumu yake mwulize sheikh wako, na mwambie mteja jinsi ulivyotengeneza.

16. Na tando za maganda ya kamba wa baharini?

Kitosani hutoka kwenye maganda ya kamba na kaa, na ina sifa ya kuzuia bakteria. Kuitengeneza kunahitaji asidi na magadi makali, kwa hiyo si kazi ya nyumbani. Mwenye mzio wa kamba huathiriwa hasa na protini za nyama yake, na kitosani safi ina kidogo sana, hata hivyo lazima iandikwe juu ya pakiti.

17. Mtoto akiula?

Wa wanga na gliserini ya daraja la chakula, au wa maembe, hauna dhara kwa kipande. Wenye rangi za duka la rangi, gundi au wino usiojulikana, ni hatari. Tumia vitu vya daraja la chakula tangu mwanzo.

## Sheria na biashara

18. Sheria ya mifuko ya plastiki inasemaje?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Vifungashio vya kiwandani vinavyogusa bidhaa moja kwa moja viliachwa nje, ndiyo maana mkate wa dukani bado umo ndani ya plastiki. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika maeneo yanayohifadhiwa, fuo za bahari zikiwemo. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na nyingine tangu nyumbani.

Anayeuza ufuoni aelewe kwamba utando wake unang'aa, na afisa atauona kama plastiki. Uwe na maandishi mkononi, na kipande cha kumwonyesha kikilegea ndani ya kikombe cha maji moto.

19. Nahitaji vibali gani?

Leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha afya kwa kila anayegusa chakula, na kwa kuuza kama kifungashio cha chakula, alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kuhusu taka na maji machafu, NEMA, mamlaka ya mazingira. Zungumza nao kabla ya kununua mashine.

Ukiwaza kuuza nje, Ulaya hupima ni kiasi gani cha kifungashio kinahamia kwenye chakula, na mwisho ni miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba kwa vifungashio vya plastiki. Wanga mtupu kwenye chakula chenye maji hauvuki mtihani huo, sababu nyingine ya kubaki na vyakula vikavu na vya mafuta (swali la 11).

20. Nianze na kiasi gani?

Ndoo moja, muuza kachri mmoja, chakula kimoja, msimu wa kaskazi. Mweleze muuza kachri kazi ya maji yake na mkubaliane malipo, hata yawe madogo. Akijua ni mali, atatumia ndoo safi.

## Maswali ya pembeni

21. Ukianguka baharini?

Polithini ni nyepesi kuliko maji, huelea na kusafiri. Wanga ni mzito, huvimba, huzama, na vijidudu huula. Wenye nta hukawia. Matumbawe yetu ya Nyali na Bamburi hayahitaji kitu chochote kilale juu yake, hata kwa siku mbili. Urudishe nyumbani, ufukie.

22. Mbuzi au ng'ombe akiula?

Wa wanga humeng'enywa kama chakula kingine. Plastiki hujazana tumboni mwa mnyama mpaka afe, na wachinjaji wetu wameshaikuta mara nyingi.

23. Dukani kuna mifuko imeandikwa kwamba inaoza. Nitajuaje?

Mingine ni polithini iliyotiwa kemikali ya kuifanya ivunjike juani. Huvunjika, haiozi (swali la 4). Ulaya waliipiga marufuku kwa agizo la 2019.

Jaribio la kwanza: dondosha aidini ya duka la dawa. Ikigeuka buluu iliyokolea au nyeusi, kuna wanga. Lakini angalieni, ndugu zetu: aidini inakwambia wanga upo, haikwambii plastiki haipo. Wapo wanaochanganya. Basi fanya la pili: chemsha kipande dakika 20. Wa wanga mtupu utasambaratika, wa mchanganyiko utaacha ngozi inayovutika. La tatu ni la subira: weka kipande ndani ya wavu, ukifukie kina cha kiganja kwenye udongo unaomwagiliwa, ufukue baada ya wiki mbili, kisha nne.

24. Ukipelekwa jaani Mwakirunge, si utaoza tu?

Utaoza, lakini ukifunikwa chini ya taka nyingi bila hewa, hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ya kaboni. Mahali pake ni shimo la mboji lenye hewa, pamoja na maganda ya jikoni.

25. Vikombe vya "plastiki ya mahindi" kutoka nje ni kitu kilekile?

Hapana. Vingi vyake ni PLA, asidi ya maziwa iliyounganishwa minyororo, kutokana na sukari ya mahindi au miwa. Ni polima nzuri, inazuia maji kuliko wanga, lakini kuoza kwake kunataka mboji ya kiwandani yenye nyuzi karibu 58 kwa wiki nyingi. Udongo wa shambani kwako haufiki hapo, na baharini hukaa muda mrefu. Hoteli ikinunua vikombe hivyo bila kuwa na mahali pa kuvipeleka, mwisho wake vitalala kando ya plastiki nyingine. Kabla ya kuviagiza, mwulize anayekuuzia atavirudisha vipi na wapi.